Wino wa Miguu

Katika ofisi ya kampuni ya umeme pale Dodoma, mwaka wa hamsini na tatu, palikuwa na chupa moja ya wino iliyoheshimiwa kuliko watu wengi. Chupa ilikaa kabatini, kabati lilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulining'inia kwenye mnyororo wa saa ya Mzee Fakhruddin. Naye Mzee Fakhruddin, Mhindi wa Kibohora, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe na kofia yenye ukingo wa dhahabu, hakuwa mtu wa kuombwa vitu ovyo ovyo.

Wino ule ulikuwa na kazi moja tu: ramani. Ramani yenyewe ilichorwa juu ya kitambaa kigumu kilichotandazwa kwenye meza ndefu, na ndani yake mlikuwamo mji mzima kama umeme unavyouona. Kulikuwa na nyumba ya mitambo karibu na reli. Humo ndimo zilimotoka laini mbili, Laini ya Stesheni na Laini ya Soko. Kila nguzo ilikuwa na namba yake, kila swichi na upande wake. Mafundi walipanda nguzo kwa kuiamini ramani ile. Ikisema waya huu umezimwa, mtu aliushika kwa mikono yake miwili huku akipiga mluzi. Kwa miaka kumi na minane haikuwahi kusema uongo, na ndiyo maana mafundi wote walikuwa bado na mikono ya kupigia saluti.

Mzee Fakhruddin alikuwa na sheria moja, na aliirudia hata pasipohitajika, hata kikombe cha chai kikiwa mdomoni. "Mdomo huandika kwa penseli," alisema. "Miguu huandika kwa wino." Nguzo ikiongezwa, au waya ukihamishwa kutoka laini hii kwenda ile, badiliko hilo lilichorwa kwanza kwa penseli, maana hiyo bado ni habari tu, mtu kasema. Kisha mchora ramani alikwenda kwa miguu mpaka penyewe, akasimama chini ya nguzo, akatazama kwa macho yake, akarudi na vumbi. Hapo ndipo kabati lilipofunguliwa.

Bernardo alikuwa ameishika penseli kwa miaka minne. Alikuwa Msandawe wa Kwa Mtoro, aliyesomeshwa na misheni, na mwandiko wake hata mapadri waliuonea wivu. Aliitamani chupa ile kama mtoto anavyotamani sukari guru iliyowekwa juu ya rafu. Mwisho wa mwaka Mzee Fakhruddin angestaafu aende Tabora kwa mwanawe. Kama kufikia hapo angemwona Bernardo anafaa, angemwachia wino. Kama hafai, angeletwa mtu kutoka Dar es Salaam, na Bernardo angebaki kumchongea mwenzake penseli mpaka uzeeni. Jambo hilo lilimnyima raha, na mkewe, Marselina, ambaye watu walimwita Mama Anyesi, alishachoka kulisikia.

Basi ikaja barua kwamba Bwana Injinia, Mwingereza mkubwa wa kampuni, atafika Ijumaa kwa treni. Jumamosi saa nne asubuhi Laini ya Stesheni itazimwa mbele yake, ili mafundi wabadilishe vikombe vilivyopasuka, vile vya kaure vinavyoshika waya juu ya nguzo. Kabla ya hapo palikuwa na badiliko moja la kufanywa. Nguzo namba arobaini na moja, nje ya kinu cha unga cha Jaffer kwenye njia ya Ipagala, ilikuwa inapata umeme wa Laini ya Soko, na kila Jaffer alipoanza kusaga, taa za sokoni zilifumba macho. Nguzo hiyo ihamishiwe Laini ya Stesheni. Kazi akapewa Halfani, aifanye Alhamisi.

Halfani alikuwa fundi hodari, Mrangi wa Kolo, na mtani mkubwa wa Bernardo. Alizoea kumwambia, "Wewe ukitamka jina la babu yako, jirani hudhani unapasua kuni," kwa sababu ya ile lugha ya Wasandawe ya kualika ulimi. Naye Bernardo humjibu, "Afadhali kuni zitapika. Ninyi Warangi mkianza kusalimiana asubuhi, mkimaliza jua limeshazama na ng'ombe wamelala na njaa." Na kweli, Halfani alisalimia kama mtu anayelipwa kwa maneno.

Alhamisi alasiri simu ya ofisini ikalia. Ilikuwa sauti ya Halfani, akipiga kutoka kinuni kwa Jaffer.

"Hamjambo hapo?"

"Hatujambo. Habari za huko?"

"Salama. Mama Anyesi mzima?"

"Mzima. Halfani, habari za nguzo?"

"Njema, ndugu yangu, njema kabisa..."

Hapo simu ikakoroma kama mzee usingizini, ikanyamaza. Bernardo akazungusha mkono wa simu mpaka bega likamuuma. Mtu wa posta akamwambia kwamba waya wa Ipagala umekatika tena, asubiri. Alisubiri, simu haikulia. Alijua kwamba Halfani akitoka kinuni angepanda lori moja kwa moja kwenda Kolo, kwenye harusi ya dada yake, asionekane mpaka Jumatatu.

Sasa, kwenda kinuni ni karibu maili tatu, na kurudi vilevile. Siku nyingine Bernardo angekwenda bila kunung'unika. Ila wiki ile alikuwa amenunua viatu vipya vya ngozi, vyeusi, vya kumpokelea Bwana Injinia, na viatu hivyo vilikuwa vimeanza kumtafuna visigino. Akavitazama. Akatazama jua la Dodoma nje ya dirisha, na vumbi lililokuwa likizunguka barabarani kwa kujidai. Akajiambia: Halfani amesema njema. Njema ni njema.

Asubuhi ya Ijumaa Mzee Fakhruddin aliinamia ramani, akaweka kidole juu ya mstari wa penseli.

"Injinia anafika leo. Hapendi kuona penseli. Arobaini na moja, umeiona?"

"Njema, Mzee," Bernardo akajibu. "Imehamishwa."

Mzee akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka minne. Alifungua kabati, akatoa chupa, akaiweka mbele ya Bernardo.

"Andika wewe."

Bernardo akachovya kalamu. Mstari ukatoka mwembamba, mweusi, ulionyooka, kutoka nguzo arobaini na moja mpaka Laini ya Stesheni, na ule wa zamani wa Soko akaukwangua kwa wembe kama desturi. Alipomaliza, ulimi ukaalika wenyewe kwa furaha. Siku ile alirudi nyumbani akichechemea na kuimba.

Jumamosi saa tatu na kitu alikuwa barazani anamalizia uji, viatu vikimsubiri pembeni vimeng'arishwa. Marselina akarudi kutoka sokoni na kikapu kichwani.

"Habari za sokoni, Mama Anyesi?"

"Njema."

Akatua kikapu. Akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akanywa maji, akakaa.

"Ila mlenda leo hamna. Na lile bakuli lako ulilolipenda limevunjika."

Kijiko cha Bernardo kikasimama hewani.

"Umesema nini?"

"Nimesema mlenda hamna. Kwani wewe mlenda ndiyo roho yako?"

"Kabla ya hapo."

Marselina akamtazama kwa mashaka. "Umeniuliza habari, nikasema njema. Halafu nikasema ila. Kuna ubaya gani?"

Hapakuwa na ubaya. Ndivyo watu wanavyoongea. Katika nchi ile hakuna mtu aliyelelewa vizuri atakayeulizwa habari akajibu ubaya kwanza. Hata aliyeunguliwa na nyumba husema njema, kisha husema ila, ndipo moto unaanza kusimuliwa. Na Halfani alikuwa amelelewa vizuri kuliko wote. Halfani alisema njema, simu ikakatika. Ila yake, kama ilikuwapo, ilibaki kwenye waya wa Ipagala.

Bernardo akajipa moyo. Labda hapakuwa na ila yoyote. Labda nguzo imehamishwa barabara. Lakini yeye hakujua, na kitu asichokijua alikuwa amekiandika kwa wino. Na leo hii, saa nne, Laini ya Stesheni ikishazimwa, fundi mwingine aitwaye Yahaya angepanda nguzo arobaini na moja, kwa kuwa ramani inasema imezimwa. Ikiwa nguzo ile bado inakula umeme wa Soko, Yahaya angeushika kwa mikono miwili. Na Yahaya alikuwa na watoto watano.

Kama angenyamaza, huenda kila kitu kingekwenda salama na wino ukawa wake. Wazo hilo lilimpitia, nami sitaki kulificha, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisimulia baadaye kwa aibu. Lilimpitia kwa muda wa kuweka kijiko chini. Kisha akainuka na kukimbia.

"Viatu!" Marselina akapiga kelele nyuma yake.

"Ndivyo vilivyonifikisha hapa!" akajibu bila kugeuka.

Alikimbia peku. Alipita nyuma ya maduka ya Wahindi, akaruka mtaro, akamkosakosa mama mmoja mwenye beseni la karanga, akatokea kwenye reli na kuifuata mpaka nyumba ya mitambo. Mle ndani mashine zilikuwa zinanguruma. Bwana Injinia alisimama na saa mkononi, kaptura imepigwa pasi, na Mzee Fakhruddin kando yake. Swichi kubwa ya Laini ya Stesheni ilikuwa imekwisha teremshwa. Saa nne na dakika moja.

"Zima na ya Soko!" Bernardo akapiga ukelele. "Mzee, zima na ya Soko!"

Bwana Injinia akageuka, uso umeanza kuiva. Mzee Fakhruddin hakuuliza kwa nini. Alikwenda hatua tatu, akaishika swichi ya pili kwa mikono yake yote, akaivuta chini.

Umeme wa Dodoma nzima ukakatika. Feni za benki zikazunguka zikichoka, zikasimama. Redio ya hoteli ya chai ikafa katikati ya wimbo na walevi wa kahawa wakalalamika. Mbali, kule njia ya Ipagala, kinu cha Jaffer kikanyamaza.

"Nani amesema zima?" Bwana Injinia aliuliza, kwa Kiswahili chake cha amri. "Nani amesema?"

"Mimi, Bwana," akasema Bernardo, kifua kikipanda na kushuka. "Ramani ina neno nisilokuwa na hakika nalo. Nguzo ya arobaini na moja. Niliiandika kwa wino, wala sikuiona. Niliisikia tu."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kilikuwa cha mtu mwingine. Mara alipokwisha kusema, Bernardo alijua kwamba amejiondoa kwenye wino kwa mdomo wake mwenyewe. Iliuma. Ila kifua kilikuwa chepesi kidogo.

Wakapanda gari la Injinia, Bernardo nyuma na miguu yake peku juu ya makopo ya mafuta. Walipokaribia kinu wakamwona Yahaya. Alikuwa juu ya nguzo, amejifunga mkanda wake, mikono yote miwili kwenye waya, anapiga mluzi. Chini yake Jaffer, aliyetoka ndani baada ya kinu kuzimika, alikuwa anapunga ngumi hewani, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Yahaya! Shuka!"

"Aa, mbona ndiyo kwanza naanza?" Yahaya akajibu toka juu. "Umelala huu, kama mtoto mchanga!"

Mzee Fakhruddin akatoka garini, akaweka kiganja juu ya macho, akautazama waya mfupi unaoiunganisha nguzo na laini yake. Bernardo naye akautazama. Ulikuwa upande wa Soko, umefungwa pale pale ulipofungwa tangu zamani, umeota kutu. Chini ya nguzo lilikuwa limewekwa bunda la waya mpya, halijafunguliwa.

"Halfani alisema vibano vya kushikia waya vilivyoletwa ni vidogo," Jaffer akalalama. "Akasema atafunga Jumatatu. Alisimama kwenye simu yangu robo saa nzima! Alisema ila vibano, ila Jumatatu, ila msiandike kitu, ila nisalimie wote. Ila nne, nilizihesabu. Hamkusikia hata moja?"

Bernardo akakaa chini mavumbini akalia, mbele ya Mwingereza na mbele ya kila mtu, na hakuona haya. Yahaya alishuka, akaelezwa. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama wa kushoto. Kisha akakaa karibu na Bernardo, bega kwa bega.

"Basi leo nakula kwako," akasema hatimaye. "Na nitakula kwa mikono yote miwili, mwambie shemeji apike kwa wingi."

Watu wakacheka, kile kicheko kinachotoka pamoja na pumzi iliyofungwa muda mrefu. Hata Bwana Injinia, ambaye sidhani kama alielewa maneno yote, alivua kofia na kujipepea.

Ofisini aliuliza ni nani aliyempa kijana wino. "Mimi," Mzee Fakhruddin akasema. "Nikamtazama miguuni, nikaona viatu vinang'aa. Njia ya Ipagala haimrudishi mtu na viatu vinavyong'aa, Bwana. Nililiona hilo, nikanyamaza. Nilikuwa na haraka ya kuwa na mrithi." Bwana Injinia akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake, akasema habari ya wino aachiwe Mzee mpaka siku ya kuondoka, akaenda kula. Mzee akachukua wembe, akaukwangua mstari wa Bernardo taratibu mpaka kitambaa kikabaki na kovu. Akafungia chupa kabatini. Akampa Bernardo penseli.

"Anza upya," akamwambia.

Jumatatu Halfani alirejea kutoka Kolo na kibuyu cha asali, akasimuliwa, akapiga magoti palepale sakafuni. "Lakini nilisema!" akarudia siku tatu mfululizo. "Nilisema!" Tangu siku ile mafundi wakawekeana sheria mpya, na aliyeitunga ni Halfani mwenyewe, bingwa wa salamu: kwenye simu ya umeme, ila hutangulia. Simu ikilia, husikii hujambo wala habari. Unasikia, "Ila?" Mwenzake anajibu, "Hakuna ila," au anaitaja. Ndipo mnaulizana za wake na watoto mpaka jua lizame. Mji mzima ukasema watu wa umeme wamepoteza adabu. Hata Marselina alikasirika siku Bernardo aliporudi nyumbani akamwita mlangoni, "Ila?"

Vile viatu Bernardo alimpa katekista, ambaye alikuwa na miguu midogo na subira kubwa. Yeye akajinunulia katambuga, ndala zile za tairi la gari, ngumu kama ukwato. Na bila kutumwa na mtu, akaanza kuitembea ramani yote. Kila jioni baada ya kazi, na Jumapili baada ya misa, alisimama chini ya nguzo, akatazama, akaenda nyingine. Nguzo mia tatu na kumi na mbili. Mbwa wa mji wakamzoea, wakaacha kumbwekea.

Mwezi wa tano wa kutembea huko alirudi na jambo. Nguzo ya themanini na saba, iliyochorwa na Mzee Fakhruddin mwenyewe miaka mingi nyuma, ilikuwa kushoto kwa barabara kwenye ramani, na kulia kwa barabara duniani. Halikuwa kosa la kumdhuru mtu. Bernardo alilichora kwa penseli, akamwonyesha, moyo unamdunda.

"Nani kasema?" Mzee akauliza.

"Miguu yangu, Mzee."

Mzee akavaa kofia yake akatoka. Alikawia saa nzima. Aliporudi kanzu yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini, naye anacheka peke yake kama aliyesikia kichekesho njiani. Akafungua kabati, akairekebisha kwa wino kwa mkono wake, akafunga tena, na ufunguo ukarudi kwenye mnyororo.

Ikafika Desemba. Watu wote walikwenda stesheni kumuaga Mzee Fakhruddin. Jaffer alileta mfuko wa unga laini, Yahaya akabeba masanduku, kwa mikono yote miwili, kama alivyopenda sasa kutangaza. Bado halikuwa limetoka neno lolote kuhusu wino, na ofisini palisemwa kuna barua imekwenda Dar es Salaam. Bernardo alifika amechelewa, treni imeshapiga firimbi ya kwanza. Akajipenyeza mpaka kwenye dirisha.

"Shikamoo, Mzee. Habari za safari?"

Mzee Fakhruddin akamtazama toka dirishani.

"Ila," akasema.

Halfani akakishika kifua.

"Ila nimebeba kitu kisicho changu." Akachungulia chini, akaitazama miguu ya Bernardo, katambuga zimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye vidole. "Unatoka wapi asubuhi hii?"

"Nguzo mia na mbili, Mzee. Jana wameniambia wameweka swichi mpya."

"Wamekuambia tu?"

"Ndiyo nimekwenda kuiona. Ipo, na inazima upande wa Stesheni."

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa chupa ya wino iliyofungwa kwa leso, na ufunguo juu yake, umechomolewa kwenye mnyororo wa saa. Akaipitisha dirishani. Bernardo akaipokea kwa mikono miwili na kuinama, na alitaka kusema asante, lakini treni ilikuwa imeshaanza kusogea. Mzee akapunga mkono mpaka bogi likapinda kona.

Halfani akataka kuishika chupa. Bernardo akamkatalia, akageuka na kurudi ofisini, katambuga zikipiga chini, kwenda kuiandika nguzo mia na mbili.